Theluji Itafika Kisumu Mwezi Gani? Kufundisha Majira Manne kwa Watoto Wanaoishi Kwenye Ikweta

Swali: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Pili katika shule ya msingi iliyo viungani mwa Kisumu. Nina watoto zaidi ya hamsini, tufe moja lililopasuka, na kabati la vitabu vya hadithi ambavyo vingi vilichapishwa ng'ambo. Tulipokuwa tukisoma hadithi ya watoto wanaocheza kwenye theluji, mwanafunzi mmoja aliniuliza theluji itafika Kisumu mwezi gani. Ningependa kuandaa mradi wa darasa kuhusu majira manne ya mwaka, na kuna duka mjini linalouza chati nzuri yenye picha za miti minne. Je, niinunue? Nianzie wapi? Na nikiulizwa Kenya ina majira mangapi, nijibu nini?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna majira manne. Tuna vipindi vya mvua na vipindi vya ukavu, na huku kwenu kando ya ziwa hata vipindi hivyo havina mipaka mikali. Majira manne, yaani ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika majani na ya baridi, ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, kaskazini na kusini. Hata hivyo mvua yetu na theluji yao husababishwa na jambo lile lile: katika mwendo wa mwaka, jua la mchana huonekana likihama kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Mtoto wa miaka saba au minane hawezi kuliona jambo hilo kwenye chati, bali anaweza kuliona kwa macho yake uwanjani, na chombo cha kumwonyesha mnacho tayari. Ni mlingoti wa bendera.

Mradi wenu mkubwa wa mwaka, kwa maoni yangu, uwe kivuli cha mlingoti huo. Majira manne yataingia humo polepole, na yakiingia watoto watakuwa na mahali pa kuyaweka akilini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, mfano kila Ijumaa, watoto watoke saa sita na dakika arobaini mchana na kuweka alama kwenye ncha ya kivuli cha mlingoti. Saa hiyo nimeichagua kwa sababu. Saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kisumu ipo karibu na nyuzi 35, kwa hiyo jua hufika kilele chake Kisumu takriban dakika arobaini baada ya saa sita kamili. Saa hiyo husogea kidogo mbele au nyuma kadiri mwaka unavyokwenda, lakini kwa kazi yenu tofauti hiyo haina madhara. Mwenzako wa Nakuru aweke alama yake kama dakika tano mapema. Alama iwe kigingi kifupi kilichopigwa hadi usawa wa ardhi ili asijikwae mtu, au jiwe lililopakwa chokaa na kuandikwa tarehe. Kabla ya kuanza, waonyeshe watoto kaskazini na kusini kwa vitu wanavyovijua kutoka pale walipo, kama vile barabara, kilima, soko au ziwa, na uandike herufi kubwa mbili ardhini. Wakanye vikali wasilitazame jua lenyewe, kwa kuwa kazi yote hufanyika wakiwa wametazama chini.

Sasa tazama jinsi kalenda ya shule inavyosaidia. Muhula wa kwanza unapofunguliwa mwezi wa Januari, jua lipo upande wa kusini na kivuli cha mchana hulala kaskazini. Wiki hadi wiki kivuli hufupika, na ifikapo Machi 20 au 21 hujikunja hadi shinani mwa mlingoti, kwa kuwa jua lipo karibu kabisa na utosi. Baada ya hapo kivuli huvuka kuelekea kusini. Muhula wa pili wote hukaa upande huo, na kikomo chake ni Juni 21, ambapo mlingoti wa mita 6 hutupa kivuli cha mita 2.6 hivi. Baada ya siku hiyo kivuli huanza kurudi, hutoweka tena kufikia Septemba 22 au 23, na muhula wa tatu unapomalizika kimeshavuka kaskazini na kinaendelea kurefuka. Kikomo cha upande huo, Desemba 21, huangukia likizo, lakini si hasara kubwa, kwa maana alama za Januari zinakikaribia sana. Mtaona kwamba mstari wa alama zenu umekwenda kaskazini na kusini mwa mlingoti karibu sawasawa. Hilo hutokea tu kwa watu walio kwenye ikweta au karibu nayo. Nyinyi mpo umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Maseno, ambako mstari wa ikweta unaikata barabara ya kwenda Busia na umewekewa alama yake. Kama shule ina uwezo wa safari moja kwa mwaka, safari hiyo ina maana zaidi ikifanyika mwezi wa Machi au Septemba, watoto wakiwa tayari na habari ya kivuli.

Huenda utaniambia kwamba hayo ni mambo ya jua, nawe uliuliza majira. Yavumilie kidogo. Pale jua linapokuwa utosini ndipo ardhi na hewa hupata joto jingi zaidi. Hewa hupanda juu, pepo za kaskazini na za kusini hukutana, unyevu hupoa na kuwa mvua. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua, ila huchelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana kivuli kikishatoweka mwezi wa Machi, mvua ya masika huwa njiani au imeanza, na kikitoweka tena mwezi wa Septemba, mvua ya vuli hutarajiwa baada yake. Mtoto wa Gredi ya Pili hahitaji kuelezwa habari ya pepo kukutana. Inatosha aone kwa mwaka mmoja kwamba kivuli kikijificha, mvua haiko mbali. Uelewa wa sababu utamkuta huko mbele akiwa ameshaliona jambo lenyewe.

Kwa hiyo pamoja na kivuli, pimeni mvua. Chukua chupa ya soda ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka, ikate chini kidogo ya bega, kisha kipande cha juu ukigeuze na kukiingiza mdomo chini ili kiwe mrija wa kupokea mvua na kuzuia maji yasikauke upesi. Sehemu ya chini ya chupa hizi huwa na mabonde, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka yafike mahali ambapo ubavu umenyooka, halafu chora hapo mstari wa sufuri. Ishikizwe kwa matofali mahali peupe, mbali na paa na miti. Vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua saa tatu asubuhi, nanyi fanyeni hivyo hivyo, kisha mwage maji hadi kwenye mstari. Kando ya Ziwa Victoria mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, baada ya upepo wa ziwani kuingia bara mchana kutwa na kukutana na hewa ya milimani. Kwa hiyo wazoeshe watoto kuandika mvua waliyoikuta asubuhi kwenye tarehe ya jana.

Jambo moja katika kazi hii nalipenda kuliko mengine yote, nalo ni namna ya kuweka kumbukumbu. Usiwape watoto wadogo tarakimu za milimita. Wape ukanda wa karatasi ya rangi. Mtoto wa zamu ausimamishe kando ya chupa, akate pale maji yalipoishia, aandike tarehe nyuma yake, na kuubandika kwenye manila ukutani. Siku isiyo na mvua nafasi yake hubaki tupu. Baada ya mwezi mmoja ukuta unakuwa na grafu ambayo hakuna aliyewaambia kwamba ni grafu, na kila ukanda ni kimo halisi cha mvua iliyoanguka shuleni kwao. Siku ya dhoruba kubwa watoto hugombea kukata. Mwezi wa Aprili unapowekwa kando ya Januari, hakuna haja ya mwalimu kusema lolote.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu na maneno ya vitabu. Vitabu vingi vya Kenya hueleza mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na kwa sehemu kubwa ya nchi maelezo hayo ni sahihi. Magharibi mwa Kenya hali ni tofauti kidogo. Katikati ya mwaka hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo hutufikia, na ziwa lenyewe lina mvua zake. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka na hunyeshewa miezi ambayo Machakos ni kavu kabisa. Nakuru nako Agosti mara nyingi ni mwezi wa mvua. Ukiwaambia watoto kwamba Agosti ni ukavu, halafu manila yao ikaonyesha kanda ndefu za Agosti, watajifunza kutoiamini manila, na hilo ni baya zaidi kuliko kutojua. Kanda zao ndizo za kusikilizwa. Kuanzia Desemba hadi Februari ndicho kipindi kilicho kikavu zaidi huku kwetu, na hata humo mvua huweza kunyesha.

Wazee wa nyumbani wana hazina ambayo haina budi kuingia darasani. Mpe kila mtoto swali moja la kupeleka nyumbani: tunajuaje kwamba mvua inakaribia? Majibu yatakuja juu ya kumbikumbi, mwelekeo wa upepo, vyura, mawingu ya upande fulani, mti fulani kuchanua. Familia za Waluo zitataja chwiri (mvua ndefu), opon (mvua fupi) na oro (ukavu), na zile za Waluhya, Wakisii na Wanandi zitataja majina yao. Yaandike yote ukutani kwa lugha zilizoyaleta. Kule Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kusoma dalili za mvua kutokana na miti, ndege na wadudu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imewahi kushirikiana nao katika utabiri. Mzazi anayedhani kwamba mradi huu ni mchezo wa karatasi na gundi hubadilisha mawazo anapoona elimu ya babu yake imebandikwa kando ya kivuli na mvua.

Ukishakuwa na kivuli na mvua, tengeneza duara la mwaka. Watoto wa umri huu wanajua Krismasi, wanajua likizo, wanajua mavuno, lakini mwaka kama kitu kinachozunguka na kurudi pale pale bado ni kigeni kwao. Ndiyo sababu nashauri duara wala si mstari. Chora duara kubwa kwenye manila mbili zilizounganishwa, uligawe sehemu kumi na mbili, na ndani yake uache duara la pili. La ndani ni la Kisumu. Kila mwisho wa mwezi kikundi cha zamu hujaza sehemu moja: mvua ilikuwa nyingi au chache, kivuli kilikuwa upande gani, shambani watu walifanya nini, matunda gani yalikuwa sokoni. Usijaze miezi ambayo bado haijafika, hata mkaguzi akija na kuuliza kwa nini chati ina mapengo.

Duara la nje ndilo litakalopokea majira manne. Chagua mahali pamoja penye jina, kwa sababu mtoto huielewa London kuliko "nchi za baridi". London ni rahisi kwa kuwa familia nyingi za Kisumu zina jamaa Uingereza. Kama yupo mzazi mwenye shangazi au mjomba huko, mwombe kupitia kwake picha ya mti mmoja tu, ule ule, mara moja kwa mwezi, bila mtu yeyote kuonekana pichani. Picha zikipatikana, mmeipita chati ya dukani. Zisipopatikana, watoto watachora kutokana na hadithi zilizomo kabatini mwenu, kwa kuwa sasa vitabu vile vya ng'ambo vina kazi: wavipekue kutafuta dalili, mtoto amevaa nini, mti una majani, nje kuna mwanga au giza, na waamue hadithi hiyo iwekwe mwezi gani wa duara.

Hilo la mwanga na giza lipe nafasi kubwa, kubwa kuliko theluji. Kisumu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, na urefu wa mchana karibu haubadiliki. London mwezi wa Juni mchana hufika saa kumi na sita na nusu hivi, na mwezi wa Desemba haufikii hata saa nane. Funga uzi wenye vifundo 24 ukutani, kila kifundo kikiwa saa moja, na watoto wapake rangi ya njano saa za mwanga na rangi nyeusi saa za giza: uzi mmoja wa Kisumu, mmoja wa London wa Juni, mmoja wa London wa Desemba. Kisha waulize: mtoto wa London analala saa ngapi mwezi wa Juni, na je, jua limetua? Desemba anapoamka kwenda shule, anaona nini dirishani, ikiwa saa mbili asubuhi ndiyo kwanza jua linachomoza? Baridi na joto hueleweka kutokana na hapo. Mahali panapopata mwanga wa saa nane tu, tena kutoka kwa jua lililoinama karibu na upeo wa macho, pataacha vipi kupoa?

Mwangaza ulioinama unaweza kuonyeshwa kwa tochi na karatasi ya mirabaraba. Tochi ikimulika kutoka juu moja kwa moja, duara la mwanga hufunika vyumba vichache na kung'aa. Ikiinamishwa kwa umbali ule ule, mwanga hutandaa vyumba vingi na kufifia. Watoto wahesabu vyumba. Hiyo inatosha kwa Gredi ya Pili. Habari ya mhimili wa dunia ulioinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi ningeiacha hadi Gredi ya Nne au zaidi, lakini najua yupo mtoto ambaye hataridhika, basi kwa ajili yake chomeka kijiti katikati ya chungwa na uweke taa au mshumaa mezani. Ulizungushe chungwa kuizunguka taa huku kijiti kikielekea ukuta ule ule wakati wote. Walimu wengi hulegeza mkono wakifika upande wa pili, kijiti kikageuka pamoja nao, na maonyesho yote yakapotea. Chagua dirisha moja, na kijiti kilielekee hilo dirisha mwanzo hadi mwisho. Hapo wataona upande wa juu wa chungwa ukielekea taa katika nusu moja ya safari na kuipa kisogo katika nusu nyingine.

Uwe tayari pia kwa maelezo ambayo watu wazima wengi huyatoa kwa ujasiri, kwamba majira ya baridi huja dunia ikiwa mbali na jua. Si kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na kuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Januari hiyo ndiyo London inatetemeka. Tena wakati London inatetemeka, Cape Town ipo katikati ya joto lake, na Julai mambo hugeuka. Ikiwa watoto wako wameelewa kivuli, watalifikia wenyewe: kivuli kikilala kusini, jua lipo kaskazini, basi watu wa kaskazini wana joto na watu wa kusini wana baridi. Huo ndio ufunguo wa mradi wote, na unafaa kuulizwa mara kwa mara mlipo uwanjani. Chati nyingi za maduka huandika Desemba chini ya mti wa theluji kana kwamba dunia nzima ni Ulaya.

Sasa theluji yenyewe. Watoto wa Kisumu wanaijua barafu ya friji, na wengi wamesikia au kuona mvua ya mawe, kwa kuwa milima ya Nandi, Kericho na Kisii huipata mara kwa mara. Mvua ya mawe ni matone yaliyogandishwa ndani ya wingu la radi, na huweza kuanguka siku ya joto. Theluji ni unyevu uliojijenga kuwa chembe nyepesi za barafu katika hewa ya baridi, na hufika ardhini bila kuyeyuka pale tu hewa ya chini nayo ni baridi. Mwanafunzi wako ajibiwe kwa ukweli kwamba theluji haitafika Kisumu mwezi wowote, kwa sababu joto la mchana hapo hukaa kati ya nyuzi 27 na 31 hivi mwaka mzima. Ila usiishie hapo, maana jibu lina ladha yake. Barafu ipo Kenya, tena karibu kabisa na ikweta, juu ya Mlima Kenya wenye mita 5,199. Huko si majira yanayoileta, ni kimo, kwani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana Nakuru, iliyo juu ya Kisumu kwa mita 700 hivi, ina usiku wa kujifunika blanketi, na wakulima wa Molo na Mau Narok hukuta sakitu kwenye viazi alfajiri. Mtoto mwenye jamaa Molo atakuambia kwamba Julai ni majira ya baridi huko. Julai ya Molo ni baridi ya kimo na mawingu; urefu wa mchana haujabadilika, nao uzi wenu wa vifundo utamshuhudia.

Nimebakisha miti na ndege, ambavyo kwa kawaida hutangulia katika mradi kama huu. Teueni mti mmoja wa shuleni na kuuchora kila mwezi. Ukiwapo mjakaranda utafaa sana, kwa sababu hupukutisha majani wakati wa ukavu na kuchanua zambarau kati ya Septemba na Novemba, mara nyingi kabla majani mapya hayajajaa. Mwembe hautakuonyesha upara, lakini maua na matunda yake yana miezi yake. Muhimu watoto waone kwamba hapa mti humwaga majani kwa kukosa maji, ilhali mti wa London huyamwaga kwa sababu mchana unafupika na baridi inakuja. Ndege nao huunganisha Kisumu na Ulaya kuliko kitu kingine chochote: mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, wakiikimbia baridi inayoua wadudu wanaowala, na huondoka Machi na Aprili kurudi kuzaliana huko majira ya kuchipua yanapoanza. Huonekana juu ya nyaya za umeme na juu ya matete ya Dunga, kando ya ziwa. Mtoto atakayeleta habari ya mbayuwayu wa kwanza apewe heshima ya kuichora kwenye duara la ndani na la nje kwa pamoja. Nakuonya tu kwamba kuna mbayuwayu wa aina nyingine ambao hawahami, kwa hiyo mtafute mwenye koo jekundu la kahawia lililozungukwa na mkanda wa buluu iliyokolea kifuani. Asipopatikana, jambo hili liache.

Kuhusu idadi ya watoto, hamsini na ushee hawawezi kuzunguka mlingoti mmoja kwa utulivu. Wagawe vikundi vinane vyenye zamu ya wiki moja moja. Kikundi cha zamu hupima kivuli na mvua na kuwasimulia wengine matokeo, na usimulizi huo ndio somo lako la lugha kwa siku hiyo. Chupa ya mvua iwekwe pale askari wa lango anapoiona, vinginevyo kuna mtu ataitwaa, na mlingoti ukiwa na uzio au maua kuuzunguka tumieni nguzo nyingine iliyosimama wima. Siku za mawingu andikeni "wingu". Aprili zitakuwa nyingi.

Kwa upande wa tathmini, usiwaulize kutaja majira manne kwa mpangilio, kwa kuwa hata kasuku angefaulu. Chukua kila mtoto peke yake kwa dakika mbili na umwambie: leo ni Julai, simama kwenye mlingoti, unioneshe kivuli cha mchana kitalala wapi, haya, mtoto wa London leo amevaa nini, na wa Cape Town je? Anayeonyesha kusini na kumvika wa London nguo nyepesi na wa Cape Town sweta amezidi matarajio. Anayepata kivuli na London ameyafikia. Anayejua tu kwamba hapa mvua na ukavu hupishana bado amejifunza jambo la kweli juu ya mahali anapoishi, na nafasi ya kuongeza mengine anayo.

Chati ya dukani usiinunue sasa. Kama muhula wa tatu utafika na duara la nje halijapata picha hata moja kutoka Uingereza, inunue, uikate vipande vinne, ufute majina ya miezi yaliyochapishwa, na uwape watoto wabishane kila mti ubandikwe wapi kwenye duara lao, mara moja kwa London na mara moja kwa Cape Town.